Muuza kompyuta wa Kigoma aliyetuzungusha wakati wa vita, na siku Shangazi alipompelekea unga wa mzazi

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara, wa visiwani, na sisi wa upande wa pili wa Ziwa Tanganyika ambao huwa mnatusahau mkianza kuhesabu Waswahili.

Nitakachosimulia kimenipata mwenyewe, Uvira, miaka ya vita. Sijaongeza chumvi. Mashahidi wengi bado wapo Kalundu bandarini wanauza vitenge. Anayebisha aende akawaulize, ila ajiandae kukaa huko siku nzima, maana wale mama hawajui kufupisha.

Kwanza mnijue anayeongea.

Mimi ni mtoto wa Rugenge, pale pale Uvira mjini. Vita ya kwanza ilinikimbiza nikiwa kijana. Nilivuka ziwa na shati moja mwilini, nikafika Kigoma, nikaendelea mpaka Dar. Kule nilifua nguo za watu, nikauza maji, nikalala kwenye vibaraza, na bado nikasoma kompyuta mpaka nikapata diploma. Nasema diploma, wakuu, si cheti cha semina. Wenzangu waliokuwa na baba wa kuwalipia waliishia njiani.

Halafu nikafanya kitu ambacho kila mtu aliniambia ni wazimu.

Nikarudi.

Watu wanatoka Uvira na magodoro kichwani, mimi naingia na diploma nimeifunga kwenye nailoni mara mbili isilowe.

Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, milimani wakakaa wengine, na milio ya bunduki tuliisikia kama nyinyi mnavyosikia honi. Lakini watu waliishi. Walioana, walilima bondeni, watoto walienda shule. Nami nikachukua chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu baba, nikakipaka chokaa, nikatundika kibao: KITUO CHA KOMPYUTA. Chini yake nikaandika: MKURUGENZI ANA DIPLOMA.

Huo mstari wa pili ndio ulioleta wanafunzi, msinibishie. Walijaa mpaka wengine wakakaa dirishani.

Kilichokuwa hakipo ni kompyuta tu.

Usicheke, mkuu. Nilikuwa nimeagiza. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja Kigoma ambaye katalogi yake ilikuwa inazunguka kwa wenye maduka wa Kalundu, karatasi nzuri, picha za rangi. Unachagua mashine, unatuma malipo kwa mtu wa boti, yeye anakupakilia mzigo unavuka ziwa. Nikaagiza tatu. Nikalipa kama mtu mwenye heshima zake, nikawatangazia wanafunzi kwamba mashine ziko njiani.

Njiani zikakaa.

Wakati ule simu za mkononi kwetu zilikuwa hadithi. Tulikuwa na foni, yaani redio ya mawimbi inayofika mbali. Unakwenda kwenye kibanda, unapanga foleni, Opereta anakutafutia Kigoma au Baraka au Kalemie. Ukimaliza sentensi unasema "ova" na kuachia kitufe, ndipo mwenzako ajibu. Na hakuna siri. Foleni nzima inasikia, na kila mwenye foni kando ya ziwa lile akitaka anasikiliza. Mtu akigombana na mkewe kwenye foni, Jumapili padri anajua.

Basi mimi, mkurugenzi mwenye diploma, nikawa kila mara nasimama pale mbele ya watu.

"Mzigo wangu uko wapi? Ova."

"Mkurugenzi! Mzigo umekwama kwenye treni, kesho unaingia. Ova."

Nikirudi tena: "Umeingia, mkurugenzi, ila karatasi za forodha bado. Kesho. Ova."

Nikirudi tena: "Boti imetoboka. Kesho kabisa. Ova."

Foleni ikampa jina, Bwana Kesho. Ikafika mahali nikiingia tu kwenye kibanda, watu wanaitikia pamoja naye, "Kesho! Ova!" Opereta mwenyewe akawa anacheka mpaka anapoteza mawimbi.

Mtaniuliza kwa nini nisivuke mwenyewe nikamshike shati. Kuvuka kulikuwa na hatari yake, hilo moja. La pili, mkurugenzi haendi kugonga mlango wa muuzaji. Nilikuwa na msimamo.

Sasa sikilizeni nilichofanya wakati huo, maana hapa ndipo ninapojivunia kuliko hata ile diploma.

Nilichana makatoni ya sabuni, nikachora kibodi. Kila mwanafunzi na yake, herufi zote mahali pake, kwa mpangilio wa Kifaransa kama mashine za ofisi zetu. Katoni haitoi sauti wala haionyeshi umekosea wapi, kwa hiyo nikawaambia: kila unapobonyeza, taja herufi kwa mdomo. Mimi napita katikati nasikiliza. Anayetaja M kidole kikiwa kwenye L, namgonga bega.

Fikirieni chumba kizima kinanong'ona herufi. Waliopita barabarani walidhani ni madrasa.

Kulikuwa na binti mmoja, Esperansi, analea wadogo zake peke yake tangu wazazi walipopotea milimani upande wa Lemera. Yule alikuwa anafumba macho na vidole vinakimbia juu ya katoni kama mvua kwenye bati. Siku moja akaniambia kwa Kiswahili chetu, ambacho "minye" ni mimi na "direkta" ni mkurugenzi: "Direkta, minye niko tayari. Mashini ndiyo haiko tayari."

Na mambo yakawa mazito. Shirika moja la misaada likatangaza linataka wapiga chapa, na mtihani utafanyika kwa kompyuta, si kwa taipureta. Wakuu, kazi ya shirika wakati wa vita ilikuwa ni kula, kuvaa, na kulaza wadogo zako ndani ya nyumba yenye mlango. Wanafunzi wangu wote wakajiandikisha. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kugusa kompyuta.

Nikaenda foni nikiwa nimekasirika. Nilivaa tai kabisa.

Siku hiyo nyuma yangu kwenye foleni alikuwa Shangazi Nyota, dada wa marehemu baba. Huyu ni mfanyabiashara wa vitenge pale Kalundu, mwanamke mnene, sauti yake inatosha kuita boti iliyo katikati ya ziwa. Wapagazi wanamwogopa, wanajeshi wanamwita mama. Alikuwa amekuja kuuliza habari za mzigo wake.

Nikashika maiki. "Bwana, sasa nataka jibu la kiume. Ova."

Ikakwaruza kidogo, halafu ile sauti: "Mkurugenzi, nisamehe, nimeshindwa kufika bandarini. Mke wangu amejifungua. Nitashughulikia kesho. Ova."

Foleni ikalipuka. "Eh! Sasa amezaa!" "Bwana Kesho iko na tumbo!" Mmoja akasema, "Kesho atasema mutoto ameota ndevu!" Mimi nilikuwa nafungua mdomo nimtukane kwa Kifaransa, mara mkono ukanipokonya maiki.

"Baba wa mutoto," Shangazi akasema, "minye ni shangazi wa Direkta. Pongezi sana. Mutoto ni mwanamuke ao mwanaume? Ova."

"Wa kike, mama. Ova."

"Mama yake ni muntu wa wapi? Ova."

"Ni wa huko kwenu, mama. Wa bonde la Ruzizi, upande wa Sange. Ova."

Foleni ikapunguza kelele.

"Nani amekwenda kumuhemba? Ova."

Ikakwaruza muda mrefu mpaka Opereta akainama kurekebisha mawimbi. Kumbe mawimbi hayakuwa na shida.

"Bado mtu, mama. Vita. Ova."

"Basi sisi tunakuja. Minye na wenzangu. Weye usikimbie. Ova."

Akamrudishia Opereta maiki, akajipangusa jasho.

Niwaeleze wasiojua. Kwetu mwanamke akijifungua, watu wake wanamwendea na unga wa uji, ndagala (nyinyi mnasema dagaa), na kinywaji. Wanamwogesha mtoto, wanakaa na mzazi, wanaimba kidogo, wanaondoka. Warundi wanasema guhemba, sisi kwa Kiswahili chetu tukaifanya kuhemba. Mzazi asiyehembwa anaonekana hana watu duniani. Na nyumba iliyohembwa inajua unga ule umetoka mlango gani, na itatafuta njia ya kuurudia mlango huo.

Kwenye foleni wakamshika Shangazi. "Mama Nyota, ule ni mwongo! Hana mutoto!"

"Kama hana, ataazima," akajibu. "Na mutoto wa kuazima tutamujua tu."

Hapo nikaona ujanja wake, wakuu, nikatamani kumpigia saluti. Ziwa zima limesikia. Kama hakuna mtoto, ni mtu aliyetumia uzazi kukwepa deni, na hakuna mtu wa Kigoma mpaka Kalemie atakayenunua hata betri kwake. Kama mtoto yupo, lazima atupokee. Vyovyote vile, mlango utafunguliwa.

Tulivuka na boti ya Shangazi ya vitenge, yeye na mama wengine watatu wa Kalundu, na mimi. Ziwani alinipa sheria moja.

"Ukitaja mashini ndani ya ile nyumba, nitakurudisha Uvira kwa kuogelea."

"Shangazi, mtihani uko karibu."

"Nimesema."

Tulipofika Kigoma akanitwika unga. Mimi, na tai yangu, mwenye diploma, napanda kilima na mfuko wa unga kichwani nyuma ya mama wanne wanaoimba. Kuna mtu niliyesoma naye alinitambua njiani. Nilimwangalia kama simjui.

Tukaonyeshwa nyumba. Tukapiga hodi.

Mtoto alikuwepo.

Naandika hili miaka mingi baadaye na bado linanishangaza. Yule bwana, katika visingizio vyake vyote, hicho kimoja kilikuwa cha kweli.

Mkewe alikuwa msichana mdogo tu, amekaa kwenye mkeka, nywele hazijasukwa. Vita ilimkata na watu wake, mama yake bondeni hajui hata kama binti ameolewa. Shangazi akamsalimu kwa Kirundi, akamwita mwanangu. Yule binti akaangalia mfuko wa unga, akaangalia ndagala, akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Alisema neno moja tu, nalo nimelishika mpaka leo:

"Nilizani hakuna muntu anajua niko huku."

Mama wa Kalundu wakaingia kazini. Mmoja akawasha moto, mmoja akakoroga uji, mmoja akamsuka. Shangazi akasema, "Leteni mutoto tumuogeshe."

Nikageuka kuangalia mtoto alipolala.

Wakuu, alikuwa amelala ndani ya boksi la kompyuta. Boksi la monita, limetandikwa khanga safi, na ubavuni kwa kalamu nene nyeusi limeandikwa UVIRA, DIREKTA.

Boksi langu! Kumbe mashine zilifika siku nyingi. Alipata mteja wa karibu, akamuuzia, akabaki na boksi.

Nikainua macho. Bwana Kesho alikuwa amesimama mlangoni. Nilikuwa nimemfikiria mtu mnene mwenye pete, kumbe ni kajamaa kembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliona ninachokiangalia. Tukatazamana, mtoto katikati yetu anakoroma.

Nilijaza maneno mdomoni. Yote kwa Kifaransa. Shangazi akakohoa mara moja tu, na mimi nikayameza.

Tukanywa, tukaimba, tukaaga. Hakuna aliyetaja mashine. Hata yeye hakutaja.

Kwenye boti nilichemka. "Shangazi, tumempa unga, yeye katupa nini? Nimeona boksi langu kwa macho!"

"Na yeye ameona wewe umeona," akasema. "Sasa nyamaza, nimechoka."

Siku zikapita. Kwenye foni Bwana Kesho hakupatikana. Wanafunzi wakaendelea kunong'ona juu ya katoni, lakini kwa sauti ndogo kuliko mwanzo. Esperansi hakuniuliza kitu tena, na kule kutoniuliza kuliniumiza kuliko dharau za foleni nzima.

Kisha mapigano yakasogea. Mabomu yakawa yanaanguka vilimani juu ya mji, na boti zikaacha kusafiri. Nikasema basi. Nikaanza kufikiria namna ya kuwaambia wanafunzi wasiende kwenye mtihani.

Ilikuwa mchana, naosha miguu nyuma ya nyumba, nikasikia kelele kutoka barabarani. "Direkta! Direkta! Kesho amefika!"

Nilidhani wananitania. Nikashuka mpaka Kalundu na miguu yenye povu.

Boti moja ya chumvi, ya pekee siku ile, ilikuwa imefunga. Na kutoka ndani yake anashuka kajamaa kembamba, maji yamemfika kiunoni, kichwani kabeba monita. Haina boksi. Imefungwa kwa kitenge cha mkewe, kile kile alichovaa siku tunamhemba. Nyuma yake wapagazi wanabeba vilivyobaki.

Mtu ambaye hakuwahi kufika bandari ya mji wake alivuka ziwa katikati ya vita.

Akatua mzigo mbele ya Shangazi, si mbele yangu. "Mama, mke wangu alikataa kuninyooshea shati mpaka nilete. Samahani kwa kitenge. Boksi mtoto amelizoea."

Shangazi akainamia mzigo, akahesabu kwa kidole. "Hizi ni mbili. Ya tatu iko wapi?"

"Ya tatu," akasema, na nahisi hata yeye hakukusudia, "kesho."

Bandari nzima ilicheka. Wapagazi wakaketi chini. Kuna mwanajeshi alicheka mpaka akaweka bunduki pembeni. Na milimani kule mabomu yanaendelea kulia.

Nimeshakutana na mafundi wengi, na mimi mwenyewe si wa kubezwa. Lakini yule mwongo akikaa mbele ya mashine iliyofunguliwa, ungemsamehe chochote. Moja ilikuwa imeingia maji. Aliifungua, akaikausha kwa joto la mkaa, kwa mbali, akaichezea siku mbili kwenye chumba changu, ikawaka. Kibodi moja ilikuwa ya mpangilio wa Kiingereza, nikabandika vikaratasi juu ya kila herufi kwa mkono wangu. Alilala kwangu, alikula kwa Shangazi, na usalama uliporudi kidogo akaondoka na ndagala za kumpelekea mkewe.

Wanafunzi walipokezana zile mashine mbili kutoka alfajiri mpaka umeme unapokatika. Mara ya kwanza Esperansi alipobonyeza herufi ikatokea kwenye kioo, alirudisha mkono kama ameungua. Kisha akafumba macho, akaanza.

Siku ya mtihani niliruhusiwa kusimama dirishani. Msimamizi alitoka mbali, mtu makini, miwani. Akasema, "Anzeni." Watahiniwa wengine wakawa wanatafuta herufi kwa kidole kimoja. Wangu wakainamisha vichwa, na kile kinong'ono kikaanza, chumba kizima, A, E, M, L, R. Msimamizi akavua miwani. Akauliza, "Hawa wamefundishwa wapi?"

Nilijibu kupitia dirishani, kwa jina kamili na diploma.

Esperansi ndiye aliyeitwa wa kwanza kwenye ile kazi. Wengine wangu wakafuata, wengi kuliko kituo chochote pale Uvira, ulizeni. Wadogo zake Esperansi wote wamesoma. Ile katoni yake nimeitundika ukutani, kando ya diploma yangu, na wageni wakiingia huwa wanaiuliza ile kwanza. Siku hizi sikasiriki.

Fundisho? Mimi nimejijenga mwenyewe na sijaacha kusema hivyo. Lakini nilimdai yule bwana kama mteja, na kama mteja angenizungusha mpaka leo. Shangazi alimgeuza mtu wa nyumbani kwanza, ndipo mzigo ukatembea. Kuna mtu huwezi kumbana kwa risiti, lakini ukimlisha mke wake atavuka hata ziwa lenye mabomu.

Mashine ya tatu haijafika, wakuu. Tunaongea WhatsApp na Bwana Kesho, mvi zimemjaa, na nikimkumbusha ananitumia sauti ya neno lile moja tu.

Wiki hii Shangazi, ambaye sasa anatembea na fimbo ila sauti ni ile ile, amenipigia. "Direkta, tafuta unga." Yule mtoto wa boksini amejifungua mtoto wake wa kwanza.

Unga nimepata. Ndagala nimepata. Boti inaondoka Kalundu asubuhi, na kati ya mizigo yangu kuna boksi moja kubwa la kompyuta, tupu, nimelitandika kitenge na ubavuni nimeandika kwa kalamu nene: KIGOMA.

Waliowahi kuzungushwa na wauzaji, nyinyi mliwapataje? Andikeni hapa chini, nitasoma nikiwa ziwani mtandao ukishika. Na wa Kigoma, mkiniona napanda kilima na mfuko kichwani, safari hii nisalimieni. Nitawajibu.